Shemeji anatimiza hamsini: chupa ya mwaka gani, na itafikaje Malindi salama?

Msomaji wa Malindi ameuliza: "Dada yangu ameolewa na Mwitaliano, mzaliwa wa Alba kule Piemonte, na wanaishi Casuarina. Shemeji alizaliwa Agosti 1976, wakafunga ndoa Desemba 2001. Desemba hii tunataka kuwafanyia karamu moja ya hamsini yake na ishirini na mitano ya ndoa. Tumechanga shilingi 45,000 tumnunulie mvinyo wa zamani. Kuna jamaa hapa mjini anauza Barolo, mvinyo mwekundu wa huko Piemonte, ya 1976 kwa 28,000. Anasema imekaa sebuleni kwenye nyumba moja ya ufukweni tangu miaka ya tisini, na picha tumekutumia. Tuichukue? Dada hanywi pombe, na sisi wenyewe mvinyo hatuujui."

Msiichukue, hata akiwapunguzia nusu bei. Sababu ziko kwenye picha zenu wenyewe, na ni vyema mzielewe kwa kuwa ndizo mtakazokagulia chupa nyingine yoyote.

Tazameni ile picha iliyopigwa dirishani. Chupa za Piemonte zina mabega yanayoteremka taratibu, kwa hiyo kiasi cha mvinyo hupimwa kwa sentimita kuanzia chini ya kizibo. Chupa ya miaka 25 iliyotunzwa huwa imepungua sentimita 2 au 3. Ya miaka 50, sentimita 4 si mbaya. Hii yenu imeshuka kama sentimita 7, imefika pale shingo inapoanza kutanuka. Mvinyo uliopotea, nafasi yake imeshikwa na hewa, na hewa ndiyo inayouchosha mvinyo hadi ukanuka siki na tufaha bovu. Kisha kuna ule mchirizi mweusi unaong'aa, uliotoka chini ya kofia ya bati ukatambaa hadi kwenye lebo. Ule ni mvinyo uliovuja ukakaukia pale. Na picha ya rafu inaonyesha chupa imesimama wima. Kizibo kisipoguswa na mvinyo kwa miaka hukauka, kikasinyaa, kikaacha upenyo.

Ila hata kama chupa ingekuwa imejaa, sebule peke yake ingetosha kuikataa. Mvinyo wa kukaa miaka unataka nyuzi 12 hadi 14, giza, utulivu, na unyevu wa hewa wa asilimia 70 hivi. Malindi unyevu tunao wa kugawa, lakini mchana joto ni karibu nyuzi 30 na usiku halishuki sana. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kusukuma kizibo; ukipoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Mchezo huo ukirudiwa kila siku kwa miaka thelathini, ladha ya tunda yote huondoka na kinachobaki ni zabibu kavu zilizochemshwa na sukari iliyoungua. Muuzaji huenda ni mkweli kabisa, na chupa ni ya 1976 kweli. Ukweli wa lebo hauokoi mvinyo ulioiva kwa jua la pwani.

Sasa tuje kwenye mwaka wenyewe, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wa zawadi hujikwaa. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni mwaka zabibu zilipochumwa, wala si mwaka mvinyo ulipotiwa chupani au kuuzwa. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka angalau asilimia 85 ya zabibu ziwe za mwaka huo. Barolo, kwa mfano, haiuzwi kabla ya kukaa miezi 38, na kati ya hiyo 18 iwe ndani ya mbao. Kwa hiyo tarakimu ile inakuambia hali ya hewa ya msimu mmoja mahali pamoja. Tarehe ya kuzaliwa ya shemeji haina uwezo wa kuzuia mvua.

Na mwaka 1976 mvua ilinyesha. Kaskazini mwa Ulaya ulikuwa mwaka wa ukame na joto lisilosahaulika: Champagne ilipata zabibu zilizoiva sana, na Ujerumani ikatoa mivinyo mitamu ambayo mingine ingali hai leo. Lakini huko Italia, Piemonte na Toscana zilinyeshewa wakati mbaya, kuelekea mavuno, na mvinyo mwekundu wa mwaka huo ulikuwa dhaifu tangu mwanzo. Nebbiolo, zabibu inayotengeneza Barolo, huiva kwa kuchelewa, mara nyingi Oktoba, na huzeeka vizuri kwa sababu ya vitu viwili: ukakasi mwingi, ule unaokausha ufizi kama embe bichi, na uchachu. Tunda likiwa jepesi na la majimaji, ukakasi hudumu na utamu wa tunda hufa mapema. Mtu wa Alba anaujua mwaka huo. Akiiona Barolo ya 1976 atawashukuru kwa adabu, na moyoni atajua mmeuziwa tarakimu.

Mwaka 2001 ni habari nyingine kabisa. Ni miongoni mwa miaka bora ya Barolo na Barbaresco katika kizazi hiki: majira marefu, mwisho wake wa baridi kiasi, zabibu zikaiva polepole bila kupoteza uchachu. Leo, miaka 25 baadaye, mivinyo mizuri ya mwaka huo imefika pale inapotakiwa kunywewa. Ukakasi umelainika, harufu ya waridi kavu, lami na majani ya vuli imefunguka. Na kwa kuwa walioana Desemba, mavuno ya 2001 yalikuwa tayari yameingia mapipani siku ya harusi. Ushauri wangu ni mwaka wa ndoa uwe ndio chupa kuu ya karamu. Ni mwaka wao wote wawili, na dada yako, ingawa hatakunywa, naye atakuwa ameandikwa kwenye ile lebo.

Kwa fedha mliyo nayo, majina makubwa kama Giacomo Conterno au Bartolo Mascarello yasahauni. Tafuteni Riserva, yaani mvinyo teule uliowekwa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa, ya 2001 ya Produttori del Barbaresco. Ni chama cha ushirika cha wakulima kilichoanzishwa 1958, katika kijiji kilicho kilomita chache tu kutoka Alba. Barbaresco ni ndugu wa Barolo, kwa zabibu ileile, na chama hiki hutoa Riserva za mashamba mbalimbali katika miaka mizuri pekee, kila moja na jina la shamba lake kwenye lebo. Kwa shemeji, jina la shamba la kwao litamgusa kuliko jina la kitajiri. Isipopatikana, Barolo ya 2001 ya G.D. Vajra, Massolino au Borgogno itafaa. Borgogno wana desturi ya kuweka chupa nyingi na kuziuza zikiwa zimezeeka, na chupa iliyotoka moja kwa moja ghalani kwa mtengenezaji ina thamani kuliko ileile iliyopita mikono minne. Wekeni kikomo cha shilingi 25,000 kwa chupa hiyo.

Zitabaki 20,000. Kama nyoyo zenu bado ziko kwa mwaka wa kuzaliwa, njia ipo, lakini haipiti kwenye mvinyo mwekundu wa kawaida. Inapita kwenye mivinyo iliyoongezwa pombe kali: mchachuko unakatizwa katikati, sukari ya zabibu inabaki, na kilevi kinapanda. Mvinyo wa namna hiyo hukaa kwenye pipa miaka na miaka huku hewa ikiupitia kidogokidogo, hivyo hewa imekwisha kuufanya ilichotaka kuufanya. Mwaka mbaya huko Piemonte hauuhusu.

Ulio nafuu zaidi ni Rivesaltes, wa Roussillon, kusini mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania. Chupa zake za miaka ya sabini huuzwa kwa bei ambayo haimtishi mtu, kwa sababu dunia haijaushughulikia sana. Wa 1976, tafuteni ndani ya shilingi 15,000. Wa pili ni Port, wa Ureno, ya aina ya Colheita: ya mwaka mmoja, iliyokaa kwenye mbao angalau miaka 7 na mara nyingi zaidi sana, na lebo yake hutaja mwaka wa kutiwa chupani. Hapa angalieni msichanganye na ile iitwayo Vintage, ambayo huzeekea ndani ya chupa na kuacha mashapo mazito. Mwaka 1976 nyumba nyingi za Port hazikuutangaza hata kidogo kuwa mwaka wa Vintage.

Wa tatu ni Madeira, wa kisiwa cha Ureno chenye jina hilohilo, na kama ningekuwa na fedha zaidi ya hizi zenu, kwa nyumba ya Malindi ningeanzia hapo. Mvinyo huu ni mtoto wa joto. Mapipa yaliyobebwa na merikebu kuvuka nchi za joto yalirudi Ureno yakiwa matamu zaidi ya yalivyoondoka, na watu wa kisiwa kile wakajifunza kuiga safari hiyo nchi kavu, kwa kuweka mapipa kwenye madari yenye joto. Nguzo ya Vasco da Gama pale ufukweni inatukumbusha kwamba merikebu za Wareno zilifika kwetu 1498, zamani kabla ya desturi hiyo kuenea, lakini bahari ni hiihii na jua ni hilihili. Madeira aina ya Frasqueira hukaa kwenye pipa si chini ya miaka 20. Ya 1976 zipo chache na bei zake ni kali; Colheita, ambayo sharti lake ni miaka 5 ya pipa, huweza kupatikana kwa miaka ya karibuni zaidi kwa bei mnayoiweza. Aina nazo zina daraja: Sercial ni kavu, Verdelho nusu kavu, Boal ina utamu, Malvasia ni tamu kabisa.

Kwa hiyo: Barbaresco au Barolo ya 2001 ya kunywewa usiku ule na wageni, na Rivesaltes ya 1976 ya shemeji kujinywea mwenyewe taratibu. Ya pili pia ni kinga yenu. Kila mvinyo wa kizibo cha gome la mti una uwezekano mdogo wa kuharibiwa na kizibo chenyewe. Ukiufungua unanuka kadibodi iliyolowa, hakuna awezaye kujua kabla, na hakuna dawa.

Muuzaji yeyote, awe Nairobi au Italia, mwombeni picha nne: chupa nzima mbele ya mwanga, shingo ikiwa na rula pembeni, juu ya kofia ya bati, na lebo ya nyuma. Muulizeni imekaa wapi na tangu lini. Jibu la "imetunzwa vizuri" si jibu. Kizibo kiwe sambamba na mdomo wa chupa. Kikiwa kimechomoza na kuisukuma kofia juu, chupa imepigwa na joto. Rangi ya Nebbiolo isiwatie hofu: kwa umri huu inakuwa ya tofali, na ukingoni inaelekea chungwa, ukiishika kwenye mwanga unaona hadi upande wa pili kama strungi isiyokolea. Ikiwa kahawia ya matope, isiyopenya mwanga, iacheni.

Kuhusu chupa bandia, kwa kiwango chenu cha fedha hatari kubwa ni utunzaji mbaya kuliko wizi wa jina. Hata hivyo kuna swali moja lisilogharimu kitu: mvinyo huu ulitengenezwa kweli mwaka huu? Rudy Kurniawan, aliyehukumiwa Marekani miaka 10 jela mwaka 2014 kwa kuuza mvinyo bandia, alianza kunaswa pale chupa za Clos Saint-Denis, mvinyo wa Burgundy huko Ufaransa, zenye jina la mtengenezaji Domaine Ponsot zilipopelekwa mnadani New York mwaka 2008 zikiwa na miaka ya kuanzia 1945, ilhali Ponsot walianza kuutengeneza mvinyo huo 1982. Kwa Riserva, ambazo hazitoki kila mwaka, swali hili ni la lazima.

Usafiri ndio unaoharibu zawadi nyingi za pwani. Kama kuna ndugu wa shemeji anayekuja kutoka Italia, ndiye mchukuzi bora. Chupa ziende kwenye mzigo wa chini wa ndege, kwa kuwa mkononi huweza kukataliwa, na aulize forodha kiasi kinachoruhusiwa bila ushuru kabla ya kufunga begi. Kila chupa ifungwe kwa nguo tabaka kadhaa, ikae katikati ya begi, isiguse ukingo wala chupa mwenzake. Risiti iwe mkononi.

Kama inatoka Nairobi, isitumwe kama kifurushi cha basi la mchana. Buti ya basi saa saba, njiani kutoka Mombasa hadi Malindi, ni tanuri, na chupa huweza kuachwa kwenye sakafu ya ofisi ya vifurushi hadi kesho yake. Ije kwa ndege, au kwa mtu anayesafiri usiku akiwa ameipakata kwenye sanduku la ubaridi. Ndani ya sanduku wekeni chupa za maji baridi zilizofungwa kwa taulo. Barafu isiguse chupa ya mvinyo moja kwa moja. Ifike wiki tatu kabla ya karamu, isiwe chini ya mbili, ili mashapo yaliyotibuka njiani yatulie.

Wiki hizo tatu mtaziweka wapi? Kwenye friji, bila wasiwasi. Watu husema friji inaua mvinyo, na kwa miaka ni kweli, maana ni kavu na inatetemeka. Kwa wiki chache ni salama mara mia kuliko kabati la jikoni Malindi. Ifungeni kwa gazeti, ilazeni chini kabisa, mbali na mlango. Stima ikipotea, friji isifunguliwe. Ubaridi utadumu saa kadhaa. Rivesaltes nayo iwekeni humo. Madeira, kama mtaipata, isimamisheni wima kabatini: uchachu na kilevi chake hula kizibo ikilazwa, na joto imelizoea.

Siku mbili kabla ya karamu, simamisheni ile ya 2001 humo humo kwenye friji ili mashapo yashuke. Siku yenyewe itoeni kama dakika 45 kabla ya kuifungua. Lengo ni nyuzi 16 au 17 kwenye glasi. Ule usemi kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya. Chumba chenu kina nyuzi 29, na kwa joto hilo kilevi huruka puani na harufu nyingine zote hufifia. Ni afadhali iwe baridi kidogo, itajipasha yenyewe mezani. Mimineni kidogokidogo, robo ya glasi.

Kizibo cha miaka 25 ni laini kama mkate wa jana. Kizibuo cha kawaida cha msumari wa kuzunguka hukitoboa kati kikamomonyoka. Nunueni kizibuo cha miguu miwili bapa: mguu mrefu unaingizwa kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha mfupi, unasukuma kwa kuyumbisha huku na huku hadi ifike mwisho, halafu unazungusha huku ukivuta polepole. Usivute bila kuzungusha. Kikikatika, kipande kilichobaki kikaanguka ndani, hakuna msiba. Mvinyo utapita kwenye kitambaa safi cha melimeli kilichofuliwa kwa maji matupu. Sabuni yenye manukato itaonekana kwenye glasi zote.

Kumimina kwenye jagi la kioo kufanyike na mtu mwenye mkono mtulivu. Washeni tochi ya simu, iwekeni chini ya shingo ya chupa, na mmiminie kwa mkupuo mmoja bila kuinua chupa katikati. Mvinyo utapita safi, bila mashapo, kwa muda mrefu, kisha utaona uzi mweusi ukitambaa kuelekea shingoni. Hapo simama. Kitakachobaki ni kama vidole viwili, na ni halali yake kumwagwa. Fanyeni hivyo saa mbili kabla ya chakula, kisha jagi lifunikwe na lirudi mahali pa baridi. Onjeni baada ya saa moja: kama umefunguka vya kutosha, anzeni mapema. Mvinyo wa umri huu ukishafunguka haungoji hotuba ndefu.

Chakula chake kisiwe cha nazi wala pilipili. Kuku wa kupaka ni mtamu, lakini utaufanya mvinyo uonekane mchungu. Mbuzi wa kuokwa kwa muda mrefu na chumvi, kitunguu saumu na mafuta kidogo ndiye mwenzake. Rivesaltes ileteni mwisho, ikiwa baridi ya nyuzi 12 hivi, pamoja na korosho za Kilifi zilizokaangwa, tende na halua. Dada atakula halua hiyohiyo kwa kahawa ya tangawizi, na meza itabaki moja.

Chupa ya Rivesaltes ikishafunguliwa irudi kwenye friji na kizibo chake. Itakaa vizuri wiki kadhaa, kwa hiyo shemeji hana haja ya kuimaliza usiku ule, wala kutafuta wa kumsaidia.